Mlinzi wa Wafungwa Aliyegeuka Mwalimu

Askari aachapo kazi ya jeshi na kushika kazi ya raia, watu hulitazama vazi lake jipya wakasema, "Sasa fulani si askari tena." Walakini mazoea ya kazi hayavuliwi kwa siku moja kama koti. Na ikiwa kazi yake jeshini ilikuwa kulinda wafungwa, neno hili lina uzito zaidi, maana mlinzi wa wafungwa amezoea kuamuru wala si kuulizwa, na amezoea kuwatazama watu kama waliokwisha kutiwa hatiani. Je, achukue nini kutoka katika kazi ile ya kwanza, na aache nini? Katika mazungumzo haya tutazame habari za mtu mmoja wa Marekani aliyetoka kulinda ngome akawa mkuu wa shule, nasi tuone yaliyompata yeye na yaliyowapata wanafunzi wake.

Mtu huyo aliitwa Richard Henry Pratt. Alizaliwa mwaka 1840 katika jimbo la New York, akakulia Indiana. Baba yake aliuawa na wanyang'anyi alipokwenda California kutafuta dhahabu, basi kijana akajifunza kazi ya kufua bati ili amsaidie mama yake. Mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza katika Marekani, akajiunga na jeshi la Kaskazini. Vita vilipokwisha akafanya biashara ya vyombo vya chuma kwa muda, kisha mwaka 1867 akarudi jeshini akawa luteni, akatumwa upande wa magharibi, katika nchi ya wenyeji wa asili ambao Wazungu waliwaita Wahindi Wekundu.

Mwaka 1874 palikuwa na vita kati ya serikali na watu wa Cheyenne, Kiowa, Comanche na Arapaho. Nyati waliokuwa chakula chao walikuwa wameangamizwa na wawindaji, na njaa ikawalazimu kujisalimisha. Serikali ikaamua kuwachagua wale iliowaona kuwa wakorofi na kuwapeleka mbali. Hawakuhukumiwa mbele ya hakimu yeyote. Mahali pamoja giza liliingia kabla hesabu haijatimia, na afisa aliyekuwa akichagua akawahesabu watu 18 waliosimama upande wa kuume wa mstari, akawatia katika kundi la wafungwa. Jumla wakawa 72, wakafungwa minyororo, wakapelekwa kwa gari la moshi hata Florida, kwenye ngome kuukuu ya mawe iliyojengwa na Wahispania katika karne ya 17 kando ya bahari. Wakati ule ngome hiyo iliitwa Fort Marion. Waliwasili mwezi wa Mei mwaka 1875, na mlinzi wao mkuu alikuwa Luteni Pratt.

Mwanzo wa kazi ile ulikuwa mchungu. Njiani mzee mmoja wa Cheyenne, jina lake Gray Beard, aliruka kutoka katika gari la moshi, akapigwa risasi akafa. Ngomenì vyumba vilikuwa na unyevu na joto, na wengine wakafa kwa maradhi. Pratt akaona ya kuwa akiendelea hivi atakuwa mlinzi wa makaburi. Basi akaomba ruhusa kwa wakubwa wake, akawafungua minyororo. Kisha akafanya jambo ambalo maafisa wenziwe waliliona kuwa wazimu: akawaondoa askari walinzi, akaunda kikosi cha wafungwa wenyewe, wakapokezana zamu kuilinda ngome waliyofungwa ndani yake. Mwaka 1876 wafungwa wachache walifanya shauri la kutoroka, akalivunja. Hata hivyo hakuwarudishia walinzi wa zamani.

Tena akawaita mabibi wa mji ule waje kuwafundisha kusoma na kuandika. Miongoni mwao alikuwa Bibi Sarah Mather, mwalimu wa miaka mingi. Wafungwa wakapewa daftari na rangi, wakachora habari za maisha yao ya zamani, uwindaji, vita na safari ile ya minyororo. Michoro yao ikanunuliwa na wageni, na leo mingi imehifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Wengine wakaenda mjini kufanya kazi ya ujira, wakarudi jioni bila kusindikizwa. Ni kweli kwamba alikata nywele zao na kuwavika nguo za kiaskari. Lakini twaweza kusema ya kuwa katika gereza lile Pratt alifanya kazi ya mwalimu, maana alimwamini mtu kwanza, kisha akamfundisha.

Mwezi wa Aprili mwaka 1878 wafungwa wakapewa uhuru wao. Wengi walirudi makwao, bali vijana 17 walipenda kuendelea na masomo, wakaenda shule ya Hampton katika Virginia, iliyoanzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Mwingine, Oakerhater wa Cheyenne, aliyekuwa shujaa wa vita, akaenda New York kusomea kazi ya kanisa. Mwaka 1881 akawekwa kuwa shemasi, akarudi kwa watu wake, akawatumikia hata alipofariki mwaka 1931. Tukumbuke ya kuwa hao walikuwa watu wazima, nao walichagua wenyewe.

Hapo ndipo Pratt alipotaka kazi mpya. Hakutaka tena kulinda wafungwa, alitaka kufundisha. Akaiomba serikali impe kambi iliyoachwa na jeshi mahali paitwapo Carlisle, katika Pennsylvania, na tarehe 1 Novemba 1879 akaifungua shule. Kwa jina alibaki afisa wa jeshi hata mwaka 1903, lakini kazi yake ilikuwa ya shule.

Lakini tazama jinsi wanafunzi walivyopatikana. Mkubwa wa idara ya serikali alimwagiza Pratt awatwae kwanza watoto wa Sioux, kwa kuwa watoto wakiwa mikononi mwa serikali, wazee wao watatulia. Basi kabla shule haijafunguliwa, tayari baadhi ya wanafunzi walikuwa rehani. Pratt alikwenda kwa mzee Spotted Tail, naye akakataa. Pratt akamwambia ya kuwa wamenyang'anywa ardhi kwa mikataba wasiyoweza kuisoma, nao wangalijua kusoma wasingalidanganywa. Neno hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na mzee akalikubali, akawatoa watoto wake.

Watoto walipofika Carlisle walikatwa nywele. Kwa watu wa Sioux kukata nywele ni dalili ya msiba, na watoto wakalia usiku kwa sauti ya kilio cha matanga. Wakavikwa mavazi ya kiaskari, wakapangwa kwa vikosi, wakapiga kwata asubuhi, wakaenda kwa kengele na tarumbeta. Walikatazwa kusema lugha ya mama zao. Majina mapya yaliandikwa ubaoni, na mtoto akapewa fimbo aelekeze lolote, asijue kulisoma. Hivi ndivyo mmoja wao alivyopata kuitwa Luther, yule Luther Standing Bear aliyekuja kuwa mwandishi wa vitabu. Nusu ya siku walisoma, nusu walifanya kazi za mikono: useremala, uhunzi, ushoni wa viatu, upigaji chapa. Na aliyekosa aliweza kutiwa korokoroni, katika jengo la mawe lililojengwa mwaka 1777 kuwa ghala ya baruti.

Mwaka 1880 Spotted Tail alikuja kuitazama shule. Alipoona wanawe wamevaa kama askari na kupigishwa kwata, alikasirika. Alikuwa amewatoa wajifunze kusoma, wala hakuwatoa wawe askari. Pratt hakukubali kubadili neno, na mzee akawachukua watoto wake akarudi nao. Lakini wazee wengi hawakuwa na nguvu kama yake, na watoto wao wakabaki.

Hapa twaona jambo la ajabu. Mtu huyu alikuwa mwalimu alipokuwa gerezani, na alipokuwa shuleni akawa mlinzi wa gereza. Kule ngomenì alivunja minyororo na kuomba hiari ya watu. Huku Carlisle aliweka kanuni ya ngome juu ya watoto wasio na kosa. Naye hakuwa mtu wa kuwachukia. Aliamini kwa moyo wote ya kuwa mtoto wa wenyeji ana akili sawa na mtoto wa Mzungu, na alishindana na wakubwa wengi kwa neno hilo. Lakini katika hotuba yake ya mwaka 1892 alisema wazi ya kuwa hana budi kuua Uhindi ndani ya mtu ili kumwokoa mtu mwenyewe. Mfungwa huwekwa ili aache mwenendo fulani. Pratt akadhani ya kuwa mtoto naye huletwa shuleni ili aache kuwa mwana wa wazazi wake.

Aliondolewa katika kazi hiyo mwaka 1904, baada ya kuilaumu idara ya serikali hadharani, akafariki mwaka 1924. Shule ilifungwa mwaka 1918, baada ya watoto zaidi ya 7,000 kupita ndani yake. Wengine walipata elimu iliyowafaa. Lakini waliomaliza masomo walikuwa wachache, na makaburi zaidi ya 180 yaliachwa pale, ya watoto waliokufa mbali na mama zao, wengi kwa kifua kikuu. Tangu mwaka 2017 jeshi la Marekani limekuwa likifukua mabaki ya baadhi yao na kuwarudishia jamaa zao. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 Rais wa Marekani, Joe Biden, aliomba radhi hadharani kwa ajili ya shule za namna ile, na mwezi wa Desemba mahali pa Carlisle pakatangazwa kuwa ukumbusho wa taifa.

Basi ninyi wanafunzi mtakaokuwa walimu, na ninyi mliotumika katika ulinzi na sasa mwashika kazi nyingine, msidhani ya kuwa mazoea ya zamani hayana faida. Kushika saa, usafi, kutimiza zamu, kutulia wakati wa fujo, haya yote ni mali, nayo yafaa kuchukuliwa. Lakini kabla ya kuamuru, mtu na ajiulize maneno mawili. La kwanza: hawa walio mbele yangu, wamekosa nini? Ikiwa hawakukosa, basi ufunguo wa korokoroni hauna kazi hapa. La pili: wazee wao wamewatoa kwa shauri gani, nami je, nalishika shauri hilo? Spotted Tail alisafiri siku nyingi kumwuliza Pratt neno hili la pili, asipate jibu.