Matakwa na majuto katika sarufi ya Kiingereza

Matakwa na majuto katika sarufi ya Kiingereza huelezwa kwa miundo ya sentensi inayohusu jambo ambalo msemaji angependa liwe lakini haliko, au jambo lililokwisha kutokea ambalo anasikitika kwamba lilitokea. Miundo hiyo hutumia hasa kitenzi "wish" (kutamani), maneno "if only" (laiti) na "should have" (ilipasa).

Sifa yake kuu ni kwamba kitenzi hurudi hatua moja nyuma kiwakati. Umbo la wakati uliopita hapa halionyeshi kwamba jambo lilitokea zamani, bali kwamba liko mbali na ukweli.

Matakwa kuhusu wakati uliopo

Baada ya "wish", jambo la sasa huwekwa katika wakati uliopita: "I wish I had a car" (natamani ningekuwa na gari). Ingawa "had" ni umbo la wakati uliopita, msemaji hasemi kwamba aliwahi kuwa na gari. Anasema kwamba sasa hana.

Kitenzi "be" huwa "were" kwa nafsi zote katika Kiingereza rasmi: "I wish she were here" (laiti angekuwapo hapa). Hayo ni mabaki ya umbo la kale la kitenzi lililotumika kwa mambo ya kudhania. Katika mazungumzo ya kawaida wengi husema "was".

Majuto kuhusu wakati uliopita

Kwa jambo lililokwisha kupita hutumika "had" pamoja na umbo la tatu la kitenzi: "I wish I had listened" (laiti ningalisikiliza). Maana yake ni kwamba msemaji hakusikiliza. Maneno "if only" yakichukua nafasi ya "I wish", uchungu huwa mkubwa zaidi: "If only I had listened!"

Muundo wa "should have" huongeza lawama, kwa kuwa husema lipi lilikuwa jambo sahihi: "I should have listened" (ilinipasa kusikiliza). Katika matamshi ya haraka "should have" husikika kama "should of", na baadhi ya watu huandika hivyo kwa makosa.

Kitenzi "regret" (kujuta) kina maana mbili kulingana na kinachofuata. "I regret telling him" ni majuto ya kweli: nilimwambia, na sasa najuta. "I regret to tell you" ni namna ya adabu ya kutanguliza habari mbaya, kama katika barua ya kukataa maombi ya kazi. Mwandishi wake hakiri kosa lolote.

Malalamiko na matumaini

"Wish" pamoja na "would" hueleza kero juu ya tabia ya mwingine au hali isiyobadilika: "I wish it would stop raining" (laiti mvua ingekatika). Kwa kawaida msemaji hatumii muundo huo juu yake mwenyewe.

Jambo linalowezekana kutokea huelezwa kwa "hope" (kutumaini): "I hope you pass the exam" (natumaini utafaulu mtihani). "Wish" hutumika pamoja na nomino katika salamu za heri, kama "I wish you success" (nakutakia mafanikio).

Tofauti na Kiswahili

Kiswahili hutumia viambishi "-nge-" na "-ngali-". Katika sarufi ya mapokeo "-nge-" ni ya jambo la sasa na "-ngali-" ni ya jambo lililopita, ingawa wasemaji wengi hutumia "-nge-" kwa yote mawili.

Kiambishi hicho hurudiwa katika sehemu zote mbili za sentensi: "Ningalijua, nisingalikuja." Kiingereza hakifanyi hivyo. "Would" hukaa katika sehemu ya matokeo tu: "If I had known, I would not have come." Kwa sababu hiyo mwanafunzi anayefuata mpangilio wa Kiswahili huweza kuandika "If I would have known". Muundo huo husikika pia katika mazungumzo ya baadhi ya wenyeji wa lugha hiyo, hasa Marekani, lakini katika maandishi rasmi huhesabiwa kuwa kosa.