Rasi ya Malindi na Nguzo Iliyoachwa na Mreno

Vasco da Gama alitia nanga nje ya Malindi tarehe 14 Aprili 1498, mkesha wa Pasaka. Mombasa alikuwa ametoka kwa shari. Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu wa siku nyingi, na adui wa adui alikaribishwa kwa mema. Mfalme alimpa vyakula, akampa na rubani aliyeijua njia ya Bara Hindi, na tarehe 20 Mei merikebu za Wareno zilikuwa Calicut. (Wengi wetu tulifundishwa kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad bin Majid. Ni hadithi tamu, lakini wanahistoria wengi wa leo hawaikubali.)

Ukitaka kuifuata njia ya kisa hiki kwa miguu, anzia Msikiti wa Juma, penye makaburi ya nguzo. Hapo utakumbuka kwamba Malindi haikumngoja Mreno ndipo ijulikane: mwaka 1415 twiga kutoka hapa alifikishwa kwa mfalme wa China. Kisha shika njia ya kusini ukiiacha bahari mkono wa kushoto. Utapita kikanisa kidogo cha Wareno kinachohusishwa na Francis Xavier, aliyepitia Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Mbele kidogo nchi kavu inachomoza baharini, na kwenye ncha yake imesimama nguzo nyeupe yenye msalaba wa jiwe.

Nguzo hiyo ni ya safari ya kurudi. Da Gama alifika tena Malindi Januari 1499 baada ya miezi mitatu baharini, mabaharia wake wakiwa wamepukutishwa na kiseyeye. Aliomba ruhusa ya kusimamisha jiwe la ufalme wake, akapewa. Siku chache baadaye, akiwa njiani kwenda kusini, aliichoma moto merikebu yake moja, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuiendesha. Inasimuliwa kwamba jiwe hilo kwanza lilikuwa karibu na nyumba ya mfalme, likawakera Waislamu wa mji, likaondolewa, na baadaye ndipo likahamishiwa rasini.

Kwa kuonekana na vyombo, hapakuwa na mahali bora zaidi. Kwa kudumu, pwani nzima ya Malindi haina pabaya kuliko hapo.

Inama ulitazame jabali lenyewe. Ni jiwe la matumbawe, lile lile lililojengea misikiti na nyumba za pwani yetu, na ukitazama vizuri unaona bado maumbo ya viumbe vilivyolijenga. Miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na hapa palikuwa mwamba hai chini ya maji. Kisha dunia ikapoa, maji mengi yakagandia kwenye barafu za kaskazini na kusini, na bahari ikashuka. Miaka 20,000 hivi iliyopita ilikuwa chini ya usawa wa leo kwa takriban mita 120. Mwamba uliachwa mkavu, na mvua ikawa inayeyusha chokaa yake na kuigandisha tena, ukawa jiwe gumu. Barafu zilipoyeyuka bahari ikarudi na kuanza kula. Palipokuwa na mchanga na udongo laini ilikula haraka, pakawa ghuba. Palipokuwa na jiwe ilikula polepole, pakabaki rasi.

Ugumu huo, hata hivyo, unaigharimu rasi. Wimbi hupunguza mwendo likipita penye kina kifupi. Mbele ya rasi kina hupungua mapema, basi wimbi hupinda na kuizunguka, na nguvu zake hukusanyika pale pale kwenye ncha. Ndani ya ghuba nguvu hizo hutawanyika, wimbi hufika limechoka na kuacha mchanga wake. Ongeza chumvi, na konokono wanaokwangua jiwe wakitafuta chakula, halafu maji ya bamvua yanayopanda na kushuka mita 3 na zaidi. Jabali huliwa kwa chini hadi juu pakabaki kama paa lisilo na nguzo, kisha siku moja kipande kinaanguka. Ndiyo maana chini ya nguzo ya Da Gama imebidi kujengwa ukuta wa kuzuia mawimbi.

Geuka sasa uitazame ghuba upande wa mji. Huko bahari inarudi nyuma. Mto Sabaki, ambao huko bara unaitwa Athi na kisha Galana, humwaga tope jekundu kaskazini mwa mji, na msimu wa kaskazi hulisukuma hadi Malindi. Ufuo umepanuka hata majengo yaliyokuwa karibu na maji sasa yako mbali nayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulipima bariamu ndani ya tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 na kuonyesha kwamba tope la Sabaki halikubadilika sana hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kisha likaongezeka mfululizo. Ni wakati ule ule wakoloni walipokuwa wakifyeka na kulima nyanda za juu.

Tope likizidi huyasonga matumbawe hai, nayo ndiyo yanayovunja wimbi kabla halijafika kwenye jabali. Malindi imeyawekea hifadhi ya bahari tangu 1968, lakini hifadhi haiwezi kuzuia mto. Kwa hiyo wanaoitakia nguzo ile maisha marefu wasiishie kwenye saruji. Waungane na wakulima wa kingo za Athi kuzuia udongo usibebwe na mvua, maana ukuta wa pale rasini peke yake hautatosha.