Guthrie (Oklahoma)

Guthrie ni mji wa jimbo la Oklahoma, Marekani, uliochipuka kwa siku moja. Saa sita mchana, tarehe 22 Aprili 1889, serikali iliwafungulia walowezi takriban ekari milioni 2 zilizowahi kuwa za makabila ya wenyeji ya Wamuskogee na Waseminole. Mkulima aliweza kudai ekari 160. Aliyetaka kuishi mjini alichomeka kigingi kiwanjani na kusimamisha hema. Jioni watu wapatao 10,000 walikuwa wamepiga kambi Guthrie. Kwa kuwa hapakuwa na serikali ya eneo, viwanja vingi viligombaniwa. Sheria ya 1890 iliruhusu kuteuliwa kwa wadhamini wa kuamua madai na kutoa hati. Guthrie ulikuwa makao makuu ya Oklahoma hadi 1910.