Majini Tuliowafungia Kabatini

Wiki iliyopita mama mmoja alinisimamisha kituo cha daladala. "Kaka, si wewe yule wa redioni? Nitafutie kitabu cha kumwamsha kijana wangu. Akishika kitabu anasinzia. Anachotaka ni majini na maajabu, na hayo anayapata kwenye simu."

Nilimjibu: "Dada, majini tunao. Sisi wenyewe tumewafungia kabatini."

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1929 Frederick Johnson, ambaye baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, alileta kwa Kiswahili Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Hadithi za Alfu Lela Ulela nazo zikachapwa kwa Kiswahili. Kisha akaja wa kwetu, Shaaban Robert wa Tanga. Mwaka 1951 alitoa Kusadikika, nchi iliyo angani, ambako kila mjumbe anayerudi na habari njema anatupwa gerezani. Mwaka 1952 kikafuata Adili na Nduguze. Humo mna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na mna liwali mwema ambaye kila usiku huwachapa viboko manyani wawili. Manyani hao ni ndugu zake wa damu, waliogeuzwa na jini kwa sababu ya husuda yao.

Mtoto gani atasinzia hapo?

Lakini tulifanya nini? Tuliviingiza vitabu hivyo darasani, tukavifunga kwa maswali. "Taja sifa tano za Adili." Mtoto akajua kwamba manyani wale ni alama za mtihani, basi.

Nami sijitoi lawamani. Kijana wangu alipokuwa na miaka 11 nilimpa Adili na Nduguze, nikamtaka aniandikie muhtasari wa kila sura. Siku moja nilikikuta kitabu chini ya godoro lake, sura ya pili haijafunguliwa. Leo ni mtu mzima, na hajaniomba kitabu tena. Hilo linaniuma kuliko nilivyopata kulisema hapa redioni.

Kwa hiyo nilimshauri yule mama hivi: usimpe kitabu, msomee. Kurasa mbili tatu kabla ya kulala. Kiswahili cha Shaaban Robert kina maneno mazito. Ukifika kwenye neno gumu, mweleze kwa ufupi, songa mbele. Ukifika pale manyani wanapochapwa na mjumbe wa mfalme anashuhudia, funga kitabu, zima taa. Usimwulize swali hata moja. Akikuamsha usiku kuuliza wale manyani ni nani, mpe kitabu amalizie mwenyewe.

Bibi zetu hawakututungia mtihani. Walisema "Hadithi, hadithi," nasi tukaitika "Hadithi njoo." Tuanzie hapo.

Kwaherini hadi wiki ijayo.