Kutoka pango la Kolelo hadi kioo cha simu

Upande wa kusini wa milima ya Uluguru, huko Kolero, kuna pango ambalo sifa zake zilifika hadi pwani. Mvua zikigoma, Wazaramo walifunga safari na sadaka zao, wakapanda milima kwenda kuomba. Humo pangoni, ilisemekana, aliishi Kolelo, nyoka mkubwa aliyemtwaa mwanamke wa ukoo wa Mlali akamfanya mkewe, na tangu hapo watu wa ukoo ule wakawa watumishi wake. Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905, jina la Kolelo lilikuwa midomoni mwa watu kote Uzaramo. Mmisionari wa Kijerumani, Martin Klamroth, aliisikia habari hiyo akaiandika. Bila kalamu yake, sehemu kubwa ya masimulizi hayo ingekufa na wazee waliokuwa nayo.

Nimeanza na nyoka huyu kwa sababu jamaa zake bado wanasomwa Morogoro, tena kila siku. Basi la Matombo likiwa linasubiri kujaa, mtazame kijana aliyeinamia simu siti ya dirishani. Juu ya kioo kuna jina la hadithi kwa herufi kubwa, na chini yake namba ya simu ya mtunzi. Inafuata SEHEMU YA 63, kisha “Ilipoishia”, mistari minne ya kumkumbusha msomaji, kisha “Sasa endelea”. Ndani kuna binti wa kijini aliyependa mwana wa mvuvi, pete isiyotakiwa kuvuliwa, mji ulio chini ya bahari, mganga aliyesaliti kiapo. Mambo yanapofika pabaya kabisa, linatokea neno ITAENDELEA. Wasomaji wanalalamika hapo chini kwamba wameachwa na arosto, wanaomba waongezewe japo kipande kimoja kabla ya kulala.

Wazazi na walimu wengi wanaliona hili kuwa anguko: zamani watu walisoma vitabu, leo wanasoma simu. Mimi siafiki. Historia ya mji huu na milima yake haioneshi zama ambazo kitabu cha hadithi kilikuwa kimejaa nyumbani mwa watu, kisha simu ikaja kukifukuza. Inaonesha msomaji mwenye njaa aliyekula kila alichoandaliwa.

Matombo ilipata misheni ya Kikatoliki mwaka 1897, na reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Vilivyopanda mlimani kwanza vilikuwa katekisimu na vitabu vya sala. Kuanzia 1923 likaja gazeti la serikali la kila mwezi, Mambo Leo, lenye habari, mashairi, barua na hadithi. Mwaka 1929 zikatoka tafsiri ambazo ziliwapa wasomaji wa Kiswahili vituko vya ajabu katika chapa: Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyotafsiriwa na Frederick Johnson, na Alfu-Lela-Ulela. Hiyo ya pili ndiyo mama wa simulizi za simuni. Shahrazadi anaokoa shingo yake kwa kukata hadithi alfajiri, mahali ambapo mfalme hawezi kuvumilia kutojua mbele kuna nini. Mtunzi wa leo anayekatisha kisa mlango wa pango ukianza kufunguka amerithi ufundi ule ule.

Shaaban Robert alichota kisima hicho hicho katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, chenye majini, mji uliogeuzwa mawe na ndugu waliogeuka manyani. Na Uluguru yenyewe ikapata kitabu chake mwaka 1958, pale padri Canute Mzuanda alipoandika Historia ya Uluguru. Si riwaya, lakini koo na watawala wa milima hii waliingia katika maandishi kwa mkono wa mwenyeji, na watafiti waliokuja baadaye wamekitegemea kitabu kile. Sijui namna bora zaidi ya kuonesha faida ya chapa.

Halafu kukatokea jambo ambalo huwa halisemwi sana. Riwaya iliyoshinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwishoni mwa miaka ya 1950, Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ilichapishwa mwaka 1960, na mzimu wake si mzimu. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anachunguza, anafikiri, anamfichua binadamu aliyejificha nyuma ya vitisho. Baada yake wakaja wapelelezi wengine: Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla mwaka 1965, kisha Kufa na Kupona ya Elvis Musiba mwaka 1974, iliyomleta Willy Gamba, na baadaye Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Vitabu vizuri, vilivyopita mikono mingi hadi majalada yakachanika. Lakini katika riwaya hizo za upelelezi bastola na akili ndizo zilizotamba, na jini akabaki zaidi katika masimulizi ya jioni.

Idadi ya wasomaji, kwa upande wake, ilipanda kwa kasi. Karibu na mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya Watanzania watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986, baada ya kampeni za elimu ya watu wazima, serikali ilihesabu kuwa waliobaki hawafiki asilimia 10. Taifa zima likafundishwa kusoma, na miaka ile ile fedha za kigeni zikaadimika, karatasi ikaadimika nayo, na vitabu vya hadithi vikawa haba madukani. Fikiria mkulima wa Mgeta aliyejifunza kusoma ukubwani, halafu hana cha kusoma ila bango la kampeni. Hilo linaniuma zaidi ya lawama zote zinazorushwa kwa simu.

Magazeti binafsi ya miaka ya 1990 ndiyo yaliyomkumbuka msomaji huyo. Eric Shigongo na kampuni yake ya Global Publishers, iliyoanzishwa mwaka 1998, walizifanya hadithi za mfululizo kuwa sababu ya kununua gazeti. Magazeti yalishuka na mabasi ya Dar es Salaam, yakapangwa mezani, na wapo waliofungua kwanza ukurasa wa hadithi kabla hawajatazama habari. Kinyozi alinunua moja, wakasoma kumi. Baadhi ya hadithi hizo ziliishia kuwa vitabu.

Mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2014 kampuni ya simu ya Tigo ikawafungulia wateja wake Facebook ya Kiswahili bila makato. Watunzi hawakuhitaji tena mhariri wala mtambo wa kuchapa. Jini akarudi, safari hii kwa maandishi. Wengine walifungua blogu, lakini kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilitaka shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 za kila mwaka. Kwa mtunzi asiye na ajira, hiyo ilikaribia bei ya bodaboda. Kwa mtu wa namna hiyo kundi la WhatsApp lilikuwa kimbilio la bei nafuu: sehemu za mwanzo bure, kisha unatuma elfu moja au mbili kwa simu, unaletewa zilizobaki. Riwaya ya dukani inaanzia kama elfu kumi, na ukiwa Kinole hilo duka lenyewe liko mjini.

Sisemi kwamba simulizi hizi ni sawa na kitabu. Nyingi zinachosha. Aliyekufa sehemu ya 20 anaonekana akila chakula sehemu ya 58, kwa kuwa mtunzi anaandika leo cha kutuma leo na hakuna jicho la pili linalopitia. Riwaya kama Ziraili na Zirani ya William Mkufya, ya mwaka 1999, inayopandisha ugomvi wa binadamu na Mungu hadi mbinguni na kuzimu, isingewezekana kwa mwendo huo. Inadai mtu akae na mswada wake miaka. Hata hivyo simulizi ya simuni ina kitu ambacho kitabu hakina: mtunzi anasikia pumzi za wasomaji wake. Wakimpenda mhusika mdogo, anakua. Msimuliaji wa jioni alifanya vivyo hivyo alipoona watoto wanasinzia.

Kinachonitia hofu ni upotevu. Mchapishaji wa kitabu anatakiwa kisheria kupeleka nakala Maktaba ya Taifa. Simulizi ya sehemu 120 haina pa kupelekwa. Simu ikiibiwa Msamvu, kundi likifutwa, ukurasa ukidukuliwa, imekwisha. Miaka 30 ijayo mwanafunzi wa Mzumbe atakayetaka kujua vijana wa Morogoro walisoma nini ataikuta habari ya Kolelo kwa Klamroth, koo za Uluguru kwa Mzuanda, na kuhusu sisi karibu hatakuta kitu. Njia ya kuziba pengo hilo ipo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotoa zawadi zake za kwanza mwaka 2023, inapokea miswada ya riwaya, mshindi wa kwanza anapata shilingi milioni 10, na kazi zinazoshinda zinachapwa. Mtunzi aliyekwisha maliza sehemu 120 tayari ana mswada mkubwa kuliko riwaya nyingi zilizoko rafuni. Anachokosa ni mhariri wa kukaa naye, wamfufue kwa haki yule aliyekufa sehemu ya 20 au wamzike moja kwa moja, na kuipeleka kazi ikiwa nzima.