Historia Fupi ya Wachezaji Wawili Katika Kibodi Moja

Mhariri amenitaka niandike jambo la historia litakalowafaa wanafunzi waliopo skuli na sisi tuliokwisha kutoka. Wengi mtatarajia nizungumze juu ya kasri la Mtoni, alikozaliwa Bibi Salme mwaka 1844, ambalo magofu yake yapo jirani yetu. Hayo wamekwisha kuyaandika wajuzi wake. Mimi nataka kueleza habari ya watu wawili wanaocheza mchezo mmoja wa kompyuta kwa kibodi moja, wote kwa wakati mmoja. Jambo hili laonekana dogo, lakini kila kijana anayejifunza kuandika programu hukutana nalo, na asili yake ni ya zamani.

Tuanze nyumbani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na wachezaji wake ni wawili. Mmoja akiwa anatawanya kete, mwenziwe husubiri mpaka alale, ndipo zamu yake ifike. Kwa hiyo bao halina ugomvi wa nani ametia mkono kwanza, kwani zamu imekwisha kuamua. Ama resi za ngalawa ni kitu kingine. Hapo hapana zamu. Wote wanakwenda pamoja, upepo mmoja, bahari moja. Mtu anayeandika mchezo wa bao katika kompyuta kazi yake ni nyepesi katika jambo hili, lakini anayeandika mchezo wa ngalawa hana budi kuwasikiliza wawili kwa mara moja.

Taabu ni kwamba kibodi ni mtoto wa mashine ya taipu, na mashine ya taipu ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja anayeandika herufi moja baada ya nyingine. Mashine ya Sholes iliyouzwa na kampuni ya Remington tangu mwaka 1874 ilikuwa na vyuma vyembamba vya herufi. Ukibonyeza herufi mbili pamoja, vyuma viwili hukutana njiani na kukwama. Sisi wa maofisini tunawakumbuka wapiga taipu wakichomeka kidole ndani ya mashine kuvitenganisha.

Watu wa kwanza waliotengeneza michezo ya wawili walikwepa taabu hiyo kwa kumpa kila mchezaji chombo chake. Mwezi wa Oktoba 1958, katika maabara ya Brookhaven huko Marekani, William Higinbotham alionyesha mchezo wa tenisi kwenye kioo kidogo cha kupimia umeme. Kila mchezaji alishika kisanduku chake chenye kirungu cha kuzungusha na kitufe cha kupigia mpira. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT, Steve Russell na wenzake walikamilisha mchezo wa vita vya angani, Spacewar, katika kompyuta ya PDP-1. Mwanzoni wachezaji walitumia swichi za kompyuta yenyewe, na mmoja wao alikaa pembeni ya kioo, hata akawa hatazami sawasawa na mwenziwe. Wenzake Russell wawili, Alan Kotok na Bob Saunders, wakaunda visanduku viwili vya mkononi, wachezaji wakawa sawa. Pong ya kampuni ya Atari, iliyotengenezwa na Allan Alcorn mwaka 1972, nayo ilikuwa na virungu viwili, kila mtu na chake.

Mambo yaligeuka kompyuta zilipoingia majumbani. ZX Spectrum, iliyotoka Uingereza mwaka 1982, ilikuwa na vitufe 40 tu, na watoto wawili walibanana hapo hapo, mmoja kushoto na mwingine kulia. Sisi miaka hiyo hatukuwamo. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na milango ilifunguliwa kidogo kidogo baadaye. Zilipotufikia zilikuwa chache, na chombo cha pili cha kuchezea kilikuwa anasa. Basi kwetu sisi kubanana kwenye kibodi moja hakukuwa hiari.

Mwaka jana nilipita katika chumba cha kompyuta cha skuli yetu nikawakuta vijana wawili wa Kidato cha Tatu wamenuniana. Walikuwa wameandika mchezo wao wa kwanza, nao ulikuwa resi za ngalawa. Wa kushoto hushikilia kitufe cha W, wa kulia hushikilia mshale wa juu. Kila mara wa kulia akibonyeza, ngalawa ya kushoto husimama.

"Unanichezea rafu," alisema wa kushoto.

"Rafu gani? Kidole changu hiki hapa, hakijagusa chako!"

Wote wawili walikuwa wakweli. Walikuwa wameiandika programu yao isogeze ngalawa kila inapopokea ishara ya kitufe. Ukishikilia kitufe, kibodi hurudia ishara yake tena na tena, kama mtu anayeandika mstari wa nukta. Lakini kinachorudiwa ni kitufe kilichobonyezwa mwisho peke yake. Wa pili akibonyeza, ishara za wa kwanza hukatika ingawa kidole chake kingali pale pale. Ni mfano wa karani wa dirishani anayemhudumia aliyebisha hodi mwisho, na waliotangulia akawasahau.

Dawa yake wanaijua makarani wazuri, nayo ni daftari. Tangu IBM PC ya mwaka 1981, kibodi yake hupeleka ishara moja kitufe kinapobonyezwa na nyingine kinapoachiwa. Basi programu iweke daftari lenye mstari wa kila kitufe. Kikibonyezwa, andika "ndiyo". Kikiachiwa, andika "hapana". Usisogeze chochote wakati huo. Kisha, mathalan mara 60 kwa sekunde, fungua daftari na uulize: W je? Mshale je? Yawe maswali mawili yanayojitegemea. Ukiandika "kama W, ama sivyo mshale", wa pili hatasikika maadamu wa kwanza ameshika.

Vijana wale walibadilisha mistari michache, ngalawa zikaenda pamoja. Hapo likazuka jambo jingine. Zikifika mwisho kwa pamoja, aliyeulizwa kwanza ndiye aliyepewa ushindi, siku zote wa kushoto. Haki ni kuzisogeza zote mbili kwanza, ndipo uhukumu, na zote zikiwa zimevuka iwe sare.

Limebaki kosa moja ambalo programu haiwezi kulitibu. Ndani ya kibodi nyingi za bei nafuu, vitufe vimepangwa juu ya nyaya za kwenda na za kukatiza, kama nyuzi za mkeka. Ukibonyeza vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe tatu za mstatili mmoja, umeme huzunguka na kompyuta huona cha pembe ya nne kimebonyezwa, na hali hapana aliyekigusa. Kwa kuogopa uzushi huo, kibodi nyingi hukikataa kitufe cha tatu. Kibodi ghali huwekewa chini ya kila kitufe kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kiitwacho diodi, na maradhi huisha. Hata kibodi za USB, mtindo uliotoka mwaka 1996, zikitumia ripoti yake nyepesi hutaja vitufe sita tu kwa mara moja, mbali na vile vinane vya aina ya Shift na Ctrl. Hivyo vya Shift na Ctrl aghalabu vina njia zao, ndiyo maana wachezaji wazoefu huvipenda.

Wadogo zangu, mafunzo yake ni haya. Mashine haina upendeleo wa makusudi, lakini ukiiacha bila maelekezo itamsikiliza mmoja na kumnyamazisha mwingine, na aliyenyamazishwa atamlaumu rafiki yake. Usawa wa wachezaji wawili lazima uandikwe na mtu, mstari kwa mstari. Kabla ya mashindano, jaribuni kibodi zote za chumba kile, vitufe viwili viwili, kisha vitatu vitatu, na muandike kwenye karatasi vinavyogombana, karatasi hiyo ibandikwe ukutani. Nasi wakubwa wenu tukichanga tena kwa ajili ya skuli, nashauri tununue kibodi ya pili kwa kila kompyuta.