Safari ya Ngano za Ukambani: Wasomi, Watunzi na Wanamwethya wa Kitui na Makueni

1.0 Utangulizi

Historia ya fasihi simulizi ya Wakamba aghalabu imeandikwa kama historia ya wakusanyaji. Hutajwa aliyekusanya, mwaka aliochapa na mji alikochapia. Fanani aliyeitamba ngano hiyo, pamoja na hadhira iliyomwitikia, hutajwa kwa jumla tu kuwa ni wenyeji. Kwa njia hiyo msomaji hujifunza mengi juu ya vitabu, na machache juu ya watu ambao urithi huo ni wao.

Makala hii inakusudia kuitazama historia hiyo kwa kuuliza maswali matatu: Urithi huo ulipotolewa, ulipewa nani? Ulitolewa kwa lugha gani? Na je, uliwarudia wenyewe? Eneo linaloshughulikiwa ni Kitui na Makueni. Ifahamike kwamba Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992, na kwa hiyo maandishi ya awali huyahesabu mambo yake chini ya jina la Machakos. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kazi ya msomi wa fasihi simulizi haikamiliki inapochapwa, bali hukamilika inapoweza kusikika tena pale ilipochotwa.

2.0 Kalamu za Wageni

Maandishi ya mwanzo kuhusu Kikamba yalitokana na njia ya misafara. Mnamo mwaka 1849 Ludwig Krapf alisafiri kutoka Rabai, karibu na Mombasa, hadi Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, aliuona mlima wenye theluji ambao jina lake alilipokea kutoka vinywani mwa Wakamba. Jina hilo ndilo lililokuja kuwa la nchi nzima. Mwaka 1850 ilichapwa huko Tübingen, Ujerumani, tafsiri yake ya Injili ya Marko kwa Kikamba. Mwaka huohuo ilitoka pia orodha yake ya msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kiswahili na Kikamba zikiwa miongoni mwazo. Hivyo lugha hizi mbili ziliingia katika kurasa za kitaaluma zikiwa bega kwa bega. Kivoi mwenyewe aliuawa mwaka 1851, msafara wake uliposhambuliwa karibu na mto Tana, Krapf akiwemo.

Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walijenga vituo Ikutha na Mulango, katika Kitui. Upande wa Makueni, Africa Inland Mission ilianzisha kituo chake cha kwanza Nzaui mwaka 1895, chini ya uongozi wa Peter Cameron Scott, aliyefariki mwaka uliofuata. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, vituo vya Wajerumani vilipita mikononi mwa misheni hiyo. Urithi wa vituo hivi una sura mbili. Kwa upande mmoja vilifundisha kusoma na kuandika Kikamba, na kuifanya lugha hiyo kuwa lugha ya kitabu. Kwa upande mwingine viliwakataza waumini ngoma za jadi, ikiwemo kilumi, ngoma ya pepo inayoongozwa hasa na wanawake. Sauti ilipewa herufi, lakini jukwaa lake likafungwa.

Mkusanyaji mkubwa wa zama hizo alikuwa Gerhard Lindblom, Mswidi aliyefanya utafiti Ukambani mnamo miaka ya 1911 na 1912. Juzuu zake za ngano, vitendawili, methali na nyimbo zilitoka katika miaka ya 1920 na 1930. Ni haki kumsifu kwa kuyachapa matini ya Kikamba pamoja na tafsiri, maana mhakiki wa leo anaweza kuyarudia maneno yenyewe. Hata hivyo, vitabu hivyo vilikusudiwa maktaba za Ulaya. Mjukuu wa fanani wa Lindblom hakuwa msomaji aliyetazamiwa.

3.0 Mbiti na Maneno Mawili ya Kiswahili

John Samuel Mbiti alizaliwa Mulango mwaka 1931, yaani katika mojawapo ya vituo vilivyotajwa hapo juu. Kitabu chake cha awali, Mutunga na Ngewa Yake (1954), kiliandikwa kwa Kikamba na kwa ajili ya wasomaji wa Kikamba. Baada ya masomo ya Makerere, Marekani na Cambridge, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1963, alirudi kufundisha Makerere kati ya mwaka 1964 na 1974. Mwaka 1966 alichapa Akamba Stories katika mfululizo wa Oxford wa fasihi za Kiafrika. Kwa mara hii mkusanyaji hakuwa mgeni. Alikuwa amezisikia ngano kabla hajazichunguza. Lakini lugha iliyobeba kitabu ilikuwa Kiingereza, na hadhira yake ilikuwa ya vyuo vikuu.

Kazi iliyompa sifa duniani ni African Religions and Philosophy (1969). Humo alidai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una pande mbili: kipindi kifupi kilicho karibu na mtu, na kipindi kirefu cha nyuma ambamo mambo yote huishia; wakati ujao wa mbali karibu haupo. Ushahidi wake mkuu ulitokana na njeo za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu. Lakini alipotafuta istilahi hakuchukua maneno ya lugha hizo. Alichukua maneno ya Kiswahili, sasa na zamani, na kupitia kitabu hicho maneno hayo yakaingia katika mijadala ya falsafa na teolojia nje ya Afrika Mashariki.

Dai hilo lilipingwa. Okot p'Bitek alimshutumu Mbiti kwa kuwavika miungu wa Kiafrika mavazi ya Kiyunani, naye Kwame Gyekye wa Ghana, katika kitabu chake cha mwaka 1987, alionyesha kuwa lugha ya Kiakan haithibitishi kauli ya jumla namna hiyo. Kwa mhakiki wa Kiswahili lipo jambo jingine la kuongeza. Mswahili husema "zama zilizopita" na pia "zama zijazo". Ana kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo. Maneno yaliyoazimwa yalikuwa na historia yao ambayo nadharia haikuishughulikia. Hapa ndipo hatari ya kuutoa urithi nje inapoonekana wazi: mawazo yaliyochotwa katika Kikamba, yakapewa majina ya Kiswahili na kuelezwa kwa Kiingereza, yaliwafikia walimwengu kabla hayajajadiliwa na wasemaji wa lugha mbili za kwanza.

Mbiti hakuishia hapo. Baada ya miaka mingi Uswisi, akiwa mchungaji na mwalimu wa chuo kikuu, alitoa mwaka 2014 tafsiri ya Agano Jipya kwa Kikamba aliyoifanya moja kwa moja kutoka Kiyunani. Alifariki mwaka 2019. Miaka 60 inatenganisha Mutunga na tafsiri hiyo, na ncha zote mbili ni za Kikamba. Ukiutazama mwendo huo, vitabu vya Kiingereza vinaonekana kuwa katikati ya safari, wala si mwisho wake.

4.0 Maillu na Msomaji wa Mjini

David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, Makueni, mwaka 1939, alichukua njia tofauti. Hakumwendea msomaji wa chuo kikuu. Alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Comb Books, jijini Nairobi mwaka 1972, akachapa vitabu vidogo vya bei nafuu juu ya karani, mlevi na mwanamke wa mjini. Wahakiki wengi walivikemea kwa uchafu, na Tanzania ilipiga marufuku baadhi yake mwaka 1976. Lakini vilisomwa na watu ambao fasihi ya shule haikuwafikia.

Umuhimu wake kwa mada hii uko katika kazi mbili za baadaye. Katika Without Kiinua Mgongo (1989) alichanganya Kiingereza na Kiswahili ndani ya sentensi, kama watu wa mjini wasemavyo. Katika Broken Drum (1991), riwaya yenye zaidi ya kurasa 1,000, aliisimulia historia ya Wakamba ya takriban miaka 200. Ngoma iliyopasuka ni jazanda inayofaa kwa eneo ambalo ngoma zake zilikatazwa. Hata hivyo, kazi hii ya pili iliandikwa kwa Kiingereza, na kwa ukubwa wake si rahisi kuwafikia wale inaowasimulia. Maillu alitatua swali la hadhira katika vitabu vyake vidogo, na swali la historia katika kitabu chake kikubwa. Ni vigumu kuonyesha kitabu kimoja alimoyatatua yote mawili.

5.0 Mwethya: Jukwaa Lisilo na Kitabu

Haitoshi kuishia kwa waandishi. Katika Kitui na Makueni asasi iliyohifadhi uimbaji kwa upana ni mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaosaidiana kulima, kujenga na kuvuna. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliutumia utaratibu huo kuchimba makingamaji ya kuzuia mmomonyoko, na wanawake ndio waliokuwa wengi katika vikundi hivyo. Baada ya uhuru vikundi vya namna hiyo viliendelea kuchimba mitaro, kujenga shule na, katika mito ya mchanga, kuweka mabwawa ya kuhifadhi maji.

Kazi ya pamoja huenda na wimbo. Wimbo wa kazi hupanga mwendo wa majembe, humsifu mwenye bidii, humsuta mvivu, na humwambia kiongozi yale ambayo kikao hakimruhusu mtu kuyasema. Kwa hiyo mwethya ni jukwaa la sanaa na baraza la utetezi kwa wakati mmoja. Mwanamke anayeongoza wimbo ndani ya mtaro hatenganishi kushiriki urithi na kudai maji. Wala urithi huo haupelekwi kokote. Aliyeutunga na aliyeupokea wameshika jembe pamoja. Hiki ndicho kipimo ambacho kwacho kazi za wasomi zinastahili kupimwa.

6.0 Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa haimlaumu yeyote kwa kuandika lugha ya kigeni. Bila Lindblom matini nyingi zingepotea. Bila Mbiti ulimwengu wa kitaaluma ungechelewa kuyasikia mawazo ya Mkamba. Wapo pia waliojaribu kuweka lugha mbili katika jalada moja, kama Vincent Muli wa Kituku, aliyechapa nchini Marekani mwaka 1997 ngano za Ukambani kwa Kiingereza na Kikamba. Naye D. N. Kimilu alikuwa ameeleza mila za Wakamba kwa Kikamba chenyewe katika Mukamba wa W'o (1962), wakati ambapo kufanya hivyo hakukumletea mwandishi cheo chuoni.

Linalobainika ni kwamba urithi umetoka mara nyingi kuliko ulivyorudi. Kiswahili, kilichokuwa karibu na Kikamba tangu orodha ya Krapf, kina nafasi katika marejeo hayo, mradi kisitumike kuazima majina tu. Tafsiri za ngano hizi kwa Kiswahili zinazobeba matini ya Kikamba kando yake, zenye jina la fanani na kijiji chake, zingewafaa mwanafunzi wa Wote na wa Mwingi kama zinavyomfaa mhakiki wa Dar es Salaam. Fanani wazee hawangoji. Mkusanyaji atakayekwenda Kitui au Makueni kuanzia sasa, kabla ya kuuliza ngano yaitwaje, na amwulize mtambaji angependa isomwe na nani.